Dakika Mia Tatu za Useni

Siku ya kwanza niliyoshughulika na Useni Kalonda, nilikuwa nimesimama kwenye kibanda chake Birere, mtaa wa soko wa Goma, nimerudisha tumbo ndani, naye amenizungushia kiunoni utepe wake wa kupimia. Ilikuwa mwaka 1992. Dada yangu alikuwa anaolewa Butembo na nilitaka gauni la kitenge lenye kubana.

"Pumua, Mama Katungu," akasema.

"Ninapumua."

"Hapana. Unachunga pumzi."

Akangoja. Nilipoishiwa, nikaiachia, naye akatangaza kwa sauti iliyofika kwa wauza viatu wa ng'ambo ya barabara: "Mia moja na mbili!"

"Andika tisini na sita."

"Iko mia na mbili, mama."

"Papa Useni, mwenye kuvaa ni mimi."

"Na mwenye kutukanwa ni mimi, ikipasuka kanisani."

Bei alipunguza. Nilimshusha mara tatu mpaka nikaona aibu kidogo, jambo lisilonipata sana. Kipimo hakukishusha hata kwa nusu ya kidole. Niliondoka nikiwa nimejua kitu kimoja juu yake: Useni angekuuzia kazi yake kwa bei ya kutupa, lakini namba yake haikuwa sokoni.

Alikuwa mtu wa Kasongo kule Maniema, mtoto wa fundi cherehani na mjukuu wa fundi cherehani, Mwislamu wa kusali kwa saa zake. Alikuja Goma kijana akiwa na cherehani ya mkono kichwani. Siku moja wanachama wa klabu ya mashua za matanga, pale ziwani, walimletea tanga lililochanika. Wenzake walilikataa kwa ukubwa wake, yeye akalitandaza barabarani, akalishona akiwa amepiga magoti juu yake huku watu wanamzunguka. Tangu hapo kila tanga la klabu lilipita mikononi mwake. Rais wa klabu wa wakati huo, mzee wa mashamba ya kahawa, alimfundisha na kupima mashua zenyewe. Yule mzee alipoondoka baada ya uporaji wa wanajeshi wa 1991, alimwachia daftari na kazi.

Kazi ilikuwa hii. Mashua za klabu hazikufanana. Daktari Grégoire, aliyekuja kuwa mkuu wa kamati, alikuwa na chombo chepesi kama ganda la karanga. Wengine walikuwa na vyombo vya safari, vyenye chumba, vitanda na jiko, vizito kama ng'ombe mwenye mimba. Ukivishindanisha hivyo hivyo, chepesi kitashinda kila mara na wengine wataacha kuja. Kwa hiyo kila mashua ilipewa namba. Useni alipima urefu wake, ukubwa wa tanga lake na jinsi ilivyozama majini, kisha akaandika: hii, kwa upepo wa kawaida, itatumia dakika mia mbili kutoka gati letu hadi ncha ya kisiwa cha Idjwi, hii mia mbili na arobaini, hii mia tatu. Siku ya mashindano, yenye dakika nyingi iliondoka kwanza, yenye dakika chache mwisho. Namba zikiwa za kweli, zote zinafika Idjwi karibu kwa wakati mmoja, na atakayetangulia kwa pua tu amestahili.

Mimi hayo yote niliyasikia kama mtu anavyosikia habari za mchezo wa wazungu. Yalianza kunihusu Julai 1994.

Mwezi huo mpaka ulifunguka na wakimbizi wa vita vya nchi jirani wakapita Birere siku nne bila kukatika, na magodoro, na mbuzi, na wazee kwenye matoroli. Kipindupindu kikawalaza juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata kaburi halichimbiki. Niliuza sabuni na maharage kwa waliokuwa wakiwahudumia. Sitajifanya kwamba nilikaa nikilia. Mnunuzi mmoja wa kahawa, Léonce, alitaka kuondoka na friji zake mbili na magari hayakupatikana. Mimi nilikuwa na lori la kwenda Butembo. Nikampa nafasi, akanipa mashua yake ya safari, Olive. Alidhani amenipunja, maana mwanamke wa Kinande, mtu wa milima ya Butembo, angefanya nini na mashua ya matanga?

Ningefanya hivi: ningepeleka maharage na sabuni Bukavu, mwisho wa pili wa ziwa, kwa upepo, bila tone la mafuta, wakati barabara imejaa vizuizi. Ila Olive ilihitaji mahali pa kufunga. Gati la klabu lilikuwa na nafasi moja iliyogusana na barabara. Lori linarudi kinyumenyume, unapakua moja kwa moja hadi chomboni. Kanuni yao ilikuwa kwamba mashua isiyo na namba haifungwi pale, na anayeshinda msimu ndiye wa kwanza kuchagua nafasi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanaume.

Usiku wa kuamkia siku ya kupimwa, mimi na Prodige, nahodha wangu, mtu mzima mwenye wake wawili na mdomo mzito, tuliinua mbao za sakafu ya Olive tukajaza mawe ya volkano. Asubuhi ilikuwa imezama kiganja kizima.

Useni aliizunguka kwa mtumbwi mdogo, utepe shingoni. Akaingiza mkono majini, akapapasa ubavu wa mashua.

"Mama Katungu, hii mashua imenenepa."

"Chakula cha Goma."

"Mustari wa majani ya maji uko huku chini. Miaka yote mashua ilielea hapa, sasa inaelea hapa. Imekula nini?"

"Muulize Léonce. Yuko Nairobi."

"Fungua sakafu."

"Kufuli ni la Léonce, na ufunguo aliondoka nao."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya gauni. Nikachunga pumzi. Safari hii yeye ndiye aliyeishiwa, kwa sababu kamati ilikuwa imesimama gatini ikiitaka michango yangu, na mtu mmoja akapiga kelele, "Fundi, maliza, jua kali!" Akatoa daftari. Mashua nyingine zote alikuwa ameziandika kwa kalamu ya wino. Yangu aliandika kwa penseli: Olive, dakika mia tatu.

Mawe tuliyatoa jioni hiyo hiyo. Dakika zake za kweli zilikuwa mia mbili na arobaini. Nilizijua kwa sababu nilikwenda Idjwi na saa mkononi. Kila tuliposhindana niliondoka saa nzima kabla ya haki yangu. Nilishinda msimu wa 1995, nikashinda wa 1996. Lori langu likawa linarudi kinyumenyume hadi gatini, na biashara ikaenda.

Lawama hazikunifikia mimi. Wanachama walimwangukia Useni. "Fundi, huyu mama umemushonea suti," walimwambia, na mmoja aliacha hata kumpelekea nguo za nyumbani. Alikuja kwangu mara tatu kuomba kupima upya. Mara ya tatu ilikuwa Oktoba 1996, na vita vilikuwa vimeanza, Uvira kule kusini ilikuwa tayari inapigwa.

"Mama, gati yako siitaki," akasema. "Nataka namba yangu."

"Namba gani yako? Mashua ni yangu."

"Mashua ni yako. Namba nimeandika mimi."

Nikamwambia arudi vita vikiisha. Nilidhani nimejibu vizuri.

Vita vilifika Goma wiki ya kwanza ya Novemba. Mabomu yalianza upande wa mpaka, yakasogea. Kwenye gati la klabu zilibaki mashua tano na watu zaidi ya hamsini: familia za wanachama, majirani, na watu wa Birere waliokuwa wanajua mtu anayejua mtu. Barabara ya Sake, ya kutokea mjini, ilikuwa imefurika wakimbizi wa kambi na askari waliotupa magwanda. Njia ilikuwa ziwa.

Daktari Grégoire alikuwa na barua moja. Muzee Ntirenganya, mkuu wa bandari ndogo kwenye ncha ya Idjwi, alikuwa amekubali kutupokea na watu wake wenye silaha: mashua tano, zikifika pamoja, barua mkononi, saa tano asubuhi. Kabla ya saa hiyo watu wake wangekuwa juu kijijini. Na alionya, mashua ifikayo peke yake hataijibia, kwa kuwa pwani ilikuwa na makundi ya watu wenye bunduki, sijui wa nani, wanaonyang'anya vyombo ili wavuke.

Gati lilipakia mashua moja moja, na chombo chepesi hakiwezi kuelea ziwani kikingoja kizito huku mabomu yanaanguka. Wote wakamgeukia Useni. Akafungua daftari juu ya pipa.

"Tunaondoka kama siku ya mashindano," akasema. "Muzito mbele. Daktari nyuma kabisa na barua, aokote atakayekwama. Tutafika pamoja."

Halafu akaja kwangu. Olive ilikuwa imeshapakia watu kumi na mmoja na katoni zangu za sabuni.

"Mama Katungu, mara ya mwisho. Mia tatu ni kweli?"

Bomu likaanguka nyuma ya ghala, vumbi likatupitia. Ningesema mia mbili na arobaini, ningekaa pale saa nzima zaidi. Na kama tungepona, ningekuwa nimekiri mbele ya klabu nzima. Nafasi ya barabarani kwaheri.

"Kweli," nikasema.

Akafunga daftari, akampa mkewe mkono wa kwaheri, akamwonyesha mashua ya daktari. Yeye mwenyewe akaruka ndani ya Olive.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Namba ya penseli naifuata mwenyewe."

Tuliondoka saa kumi na mbili kamili. Upepo ulikuwa wa kawaida, ule ule wa hesabu zake. Mashua zote zilijaa karibu sawa, kwa hiyo hata mzigo haukunificha. Useni alikaa nyuma karibu na Prodige, saa mkononi. Tulipolingana na rasi ya katikati, ambayo ni nusu ya njia, aliniita kwa kidole.

"Saa mbili kamili. Nusu ya njia kwa dakika mia na ishirini. Hata mutoto wa shule anaweza hiyo hesabu."

Nikajifanya ninahesabu katoni zangu.

"Tutafika saa inne. Wenzetu saa tano. Saa nzima peke yetu, bila barua. Shusha tanga."

"Tungoje wapi? Katikati ya maji?"

"Katikati ya maji."

Mama Léocadie, muuza samaki wa mtaa wa Katoyi aliyekuwa amemkumbatia mama yake mgonjwa, akainuka nusu. "Mutu akigusa ile kamba namutupa ndani! Munasikia mabomu ama hamusikii?"

"Mama, bomu liko nyuma," Useni akasema. "Mbele kuna bunduki."

"Bunduki tutaongea nayo," nikasema mimi. "Nimepita vizuizi vya watu wa kila namna. Kila mtu ana bei yake. Prodige, endelea."

Hapo ndipo nilipokosea, na sisingizii vita. Nilikuwa nimezoea kuuza na kununua hata nikaamini kila mtu duniani amekuja sokoni.

Tulifika saa nne na dakika tatu. Bandari ya Muzee Ntirenganya ilikuwa tupu, na ukimya wake haukunipendeza. Prodige alitaka kugeuza, lakini upepo ulikuwa unatusukuma pwani. Wakatoka nyuma ya mawe watu sita, wamevaa nusu gwanda nusu kiraia. Mmoja akapiga risasi juu ya mlingoti.

"Shusha tanga! Leta chombo!"

Useni ndiye aliyelishusha. Lilipomwangukia na kumfunika, alikaa chini yake muda mrefu kuliko kawaida. Nikaona kitambaa kinatetemeka, kidogo tu, kama panya anapita. Alipotoka, mkasi wake ulikuwa umerudi mfukoni.

Walituteremsha wote kwenye mawe. Mkubwa wao, mtu mwembamba mwenye jino la dhahabu, akatazama Olive kwa furaha. "Tunavuka nayo sasa hivi. Huyu nahodha anabaki. Ninyi wengine, potea."

"Chef," Useni akasema kwa upole wa kibandani. "Mutakufa maji."

"Unasema nini, muzee?"

Akalifungua tanga. Lilikuwa limeachana katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Nilielewa mara moja kwa sababu ninajua nguo: kitambaa hakikuguswa. Alikuwa amekata uzi, mshono alioushona yeye mwenyewe.

"Upepo umelichana. Katikati ya ziwa litakwenda vipande viwili. Mimi ni fundi. Nipe dakika kumi."

"Kumi."

Akapiga magoti juu ya tanga, akatoa sindano na mpira wa uzi, akaanza. Nilitazama saa yake. Saa nne na robo. Mpaka saa tano zilibaki dakika arobaini na tano, na hakuna fundi anayeweza kufanya dakika kumi kuwa arobaini na tano bila mtu wa kumsaidia. Alinitazama mara moja tu, juu ya miwani.

Basi nikaanza kazi yangu.

"Chef, chombo chukua," nikasema. "Sabuni ni jambo jingine."

Akacheka. "Sabuni iko ndani ya chombo, mama."

"Ndani ya chombo ndiyo, lakini wewe huijui. Kuna ya kufulia na kuna ya kuogea. Ukiifikisha ng'ambo watakudanganya. Nikuonyeshe."

"Nionyeshe haraka."

Sijawahi kupatana bei polepole namna ile. Nilifungua katoni moja moja. Nilimnusisha. Nilimwomba aniachie kumi, akaniambia atanipiga risasi, nikaomba nane. Wenzake wakaanza kuchekelea. "Huyu mama! Ako karibu kufa na anapatana!" Mmoja alinitetea: "Chef, mupe tano basi, ana roho." Nikagoma, nikasema tano ni matusi kwa mtu wa Butembo. Mama Léocadie alianza kulia kwa sauti, na nadhani naye alikuwa ameelewa, kwa maana alilia vizuri mno.

"Fundi! Dakika kumi zimepita!"

"Uzi umekatika, chef. Mungu anaona."

"Fundi!"

"Niko kwenye kona. Kona ndiyo inashika yote."

Saa tano kasoro tano yule wa jino la dhahabu alichoka. Akaja juu ya Useni, akainama, akaligeuza tanga. Alikuwa na macho. Kingo mbili za kitambaa zilikuwa safi, zenye matundu ya sindano yaliyopangana, bila uzi hata mmoja uliochanika.

"Hii haikupasuka," akasema. "Hii ilifumuliwa."

Wakati huo huo mwenzake akapiga yowe. Kwenye ncha ya kisiwa yalikuwa yametokea matanga manne, kwa pamoja, karibu kama ya mtu mmoja. Na kutoka juu kijijini watu wa Muzee Ntirenganya walikuwa wanateremka, kumi na zaidi, kwa sababu saa yao ilikuwa imefika.

Yule mtu angeweza kuua. Alichagua kitu cha haraka. Aliukanyaga mkono wa kulia wa Useni juu ya jiwe, akaupiga kwa kitako cha bunduki mara mbili. Kisha wakakimbia kufuata pwani, kila mmoja na katoni zangu mbili begani.

Daktari Grégoire aliufunga mkono ule pale pale bandarini. Vidole viwili vilikuwa vimesagika. Useni alikuwa na rangi ya majivu, lakini aliomba daftari lake kabla ya maji ya kunywa.

"Mama Katungu. Sema."

Watu wote walikuwepo, kamati nzima, na mkewe ameshika kichwa chake. Hapakuwa na kitu cha kupatana.

"Mia mbili na arobaini," nikasema. "Niliweka mawe."

Alifuta penseli kwa kifundo cha mkono, akaandika kwa wino, kwa mkono wa kushoto, herufi za kuinama kama za mtoto wa darasa la kwanza. Daktari alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda kufunga mashua yake.

Klabu ilikutana tena katikati ya 1997, baada ya nchi kubadilishwa jina. Walinifutia misimu yote miwili. Nafasi ya barabarani alipewa mwingine, na Olive ikafungwa mwisho kabisa wa gati, hatua mia mbili na kumi kutoka mahali lori linapoweza kufika. Mpaka leo kila gunia la maharage linakwenda huko kichwani mwa mtu. Sabuni sikuiona tena. Mashua ninayo, na Prodige ninaye.

Useni hakushona tena. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Cherehani imeshikwa na binti yake Yasmini, na yeye amebaki na utepe. Wanachama walimrudishia nguo zao za nyumbani, na hakuna aliyemtania tena habari ya suti. Msimu ule wa kwanza baada ya vita, mashua tano zilifika ncha ya Idjwi ndani ya dakika tatu. Olive ilikuwa ya nne.

Mwaka jana nilikwenda Birere kushonesha gauni jingine. Nilimwambia Yasmini anipime. Useni akainuka kitini, akamnyang'anya utepe, akanizungushia kwa mkono wa kushoto.

"Pumua, mama."

Nikapumua bila kungojewa.

"Mia moja na kumi na moja!" akatangazia Birere nzima.

Bei ya gauni sikuigusa. Aliishusha mwenyewe.